Kitovu cha Fidencio

Mwanamke aliye ndani ya arobaini haruhusiwi kukasirika, na katika sheria zote za Bibi Hermelinda, hiyo ndiyo iliyomshinda Otilia. Kitambaa kichwani katika joto lile la Septemba alikivumilia. Pamba masikioni, ili upepo usimwingie mwilini, aliivumilia pia, ingawa ilibidi kila mtu amwambie jambo mara mbili. Supu ya kuku asubuhi, supu ya kuku mchana, jioni uji wa mahindi wenye mdalasini: vyote alivimeza. Ila hasira, alisema Bibi, huchachusha maziwa, na mtoto anayenyonya maziwa ya hasira hukua na msokoto wa tumbo na ulimi wa kubishana.

"Kama nani hivyo?" aliuliza Tacho, mumewe Otilia, akivua viatu mlangoni.

"Kama mkeo. Mama yake alinuna arobaini nzima. Matunda yake ndiyo haya."

Otilia alimhamishia mtoto kwenye ziwa la pili akatazama ukuta. Nieves, binti yake wa kwanza, alikuwa bado mdogo kiasi kwamba kipande cha kitovu kilikuwa kinaning'inia tumboni, kimekauka kama ganda la pilipili. Alinyonya kwa bidii ya kibarua anayelipwa kwa uzito.

"Umeleta?" Otilia alimwuliza mumewe.

Tacho alitoa bahasha chini ya kofia yake. Alikuwa dereva wa trekta, na siku hiyo, badala ya kurudi nyumbani moja kwa moja, alipitia maktaba ya Visalia kwa niaba ya mkewe aliyefungiwa ndani. "Nimeleta. Yule dada wa maktaba hana maneno. Nikamwambia magazeti ya mwaka wa thelathini na mbili, habari za kambi za pamba. Akaniwekea kwenye mashine, nikazungusha mwenyewe mpaka kizunguzungu."

Otilia aliikunjua karatasi ya kwanza kwa mkono mmoja. Ilikuwa tangazo la mbolea ya samadi ya kuku. Ya pili ilikuwa bei ya pamba. Ya tatu ilieleza dansi ya wake wa wenye mashamba, jina la kila mmoja na rangi ya gauni lake. Ya nne ilikuwa na mistari michache tu pembeni: mikono mia tano yahitajika haraka.

"Tacho, watu wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wachumaji. Watu wetu. Walilala wapi, walikula nini, nani alizaa, nani alizikwa."

Tacho aliinama akaweka kidole kwenye karatasi ya nne. "Si hawa hapa. Mikono mia tano. Ukigawanya kwa mbili unapata watu mia mbili na hamsini."

Jikoni Bibi alicheka mpaka mwiko ukaanguka. Otilia aliikunja karatasi taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni.

"Maziwa, Otilia," Bibi alionya bila kugeuka. "Maziwa."

*

Chanzo cha yote kilikuwa ni baba yake. Mwezi Juni, watu wa uhamiaji waliingia kwenye shamba la zabibu alikokuwa akifanya kazi Fidencio Arriaga, mwana wa Bibi, wakamkuta amelala kifudifudi kati ya mistari miwili ya mizabibu kama kila mara walipokuja, ila safari hii mmoja wao alikuwa na mbwa. Kabla jua halijazama Fidencio alishavushwa mpaka wa Meksiko. Sasa alikuwa Mexicali kwa binamu yake muuza barafu, analala juu ya magunia nyuma ya duka, na kila Jumapili anapiga simu kuuliza kama mjukuu ameshazaliwa, na baada ya kuzaliwa, kama ana nywele.

Otilia alikuwa anasoma masomo ya jioni chuoni, baada ya kutwa nzima ya kuchagua pichi kwenye banda la kufungashia. Mwalimu wao wa historia, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliwapa kazi ya utafiti: tafuteni maisha ya vibarua wa Kimeksiko katika bonde hili wakati wa ile miaka ya dhiki kuu ya uchumi. Otilia aliichukua kazi ile kwa roho mbili. Moja ilitaka alama nzuri. Nyingine ilikumbuka siku ya harusi yake, ambapo Bi Cruz Balderas, mkunga mzee wa mtaa wao, baada ya bia yake ya pili alimpapasa Fidencio shavuni akasema, "Huyu mimi nilimshika akiwa bado ana utelezi." Watu wakacheka. Fidencio mwenyewe alicheka. Ila Bibi Hermelinda alimtupia mkunga jicho, na Bi Cruz akafyata ulimi.

Neno lile halikumtoka Otilia. Bi Cruz hakuwahi kuondoka bondeni, hata miaka ile ambayo Bibi na Babu walipandishwa treni kurudishwa Meksiko. Kama alimshika Fidencio akiwa na utelezi, basi alimshika hapa. Na kama Fidencio alizaliwa hapa, mwanasheria wa ofisi ya msaada wa bure alisema, yeye ni raia, na hakuna mbwa wala gari la kumvusha. Lakini hati yake ya kuzaliwa iliandikwa kule, kijijini El Capulín, na inasema ni mtoto wa kule. Kuipindua kunahitaji kiapo cha waliokuwepo: mama aliyezaa, na mikono iliyompokea mtoto. Tena kabla ya siku ya shauri, ambayo ilikuwa inaanguka katikati ya arobaini.

Bi Cruz alipoulizwa alijibu, "Mkunga hana mdomo, mwanangu. Muulize mwenye tumbo."

Mwenye tumbo alipoulizwa alijibu, "El Capulín."

Hapo ndipo Otilia alipoingia maktaba. Alitafuta mpaka macho yakamwasha, tumbo lake likiwa kubwa limegusa meza. Hospitali ya miaka ile haikuwapokea watu wa kambini, kwa hiyo haikuwa na jina hata moja. Kanisa lilikuwa mbali na kambi. Kambi yenyewe, kambi ya pamba ya bwana mmoja aliyeitwa Hollis, siku hizi ilikuwa uwanja wa kuegeshea malori. Aliwahi kupata picha, nzuri kweli: mwanamke kijana mbele ya hema la turubai, mtoto kiunoni, gunia refu la pamba limelala miguuni pake kama nyoka aliyeshiba. Akaigeuza nyuma. Ilikuwa imeandikwa: Mama wa Kimeksiko.

"Na jina lake?" alimwuliza msichana wa maktaba.

"Hawakuandika."

Nakala ya picha ile alimpelekea Bibi, roho juu juu. Bibi aliiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akasema, "Sufuria gani hiyo imeachwa na masizi namna hiyo. Huyo si wa kwetu."

Mwalimu alimwambia asikate tamaa. Andika unachokikuta, alisema, na ukikuta hakuna kitu, andika hakuna kitu. Otilia alikuwa amejaza kurasa nyingi za hakuna kitu.

*

Kitovu cha Nieves kilianguka asubuhi moja wakati wa kumwogesha. Bibi alikiona kabla ya Otilia. Alikiokota kwa vidole viwili, akakipuliza, akakilaza ndani ya kiberiti kitupu kilichotandikwa pamba, kana kwamba alikuwa amekaa na kiberiti kile mfukoni tangu siku ya kwanza. Naam, alikuwa nacho tangu siku ya kwanza.

"Sasa," alisema, "huyu ni mwanamke. Chake kinazikwa chini ya jiko, apende nyumba yake."

"Bibi, jiko ni la gesi. Chini yake ni saruji."

"Saruji inavunjwa."

"Na nyumba ni ya kupanga."

Bibi alisita, akakitazama kiberiti. "Basi karibu na jiko. Nje ya ukuta, upande wa jikoni. Afadhali hiki mmenipa. Lile kondo la nyuma hospitali wamelitupa kama utumbo wa kuku, na hakuna aliyekuuliza."

Otilia alimfunga mtoto kwenye taulo. Alikuwa amechoka, na maneno yalimtoka ya kupoteza muda tu. "Cha Baba ulikizika wapi?"

"Shambani kwa baba yangu, El Capulín. Mwanaume anazikiwa chake mbali na nyumba, asiogope njia." Bibi aliguna. "Naona nilikizika mbali mno. Njia haijamwacha apumue."

"Kiliangukia hukohuko?"

"Kilianguka kama vinavyoanguka vyote. Nikakishonea kwenye upindo wa sketi. Kwenye ile treni watu waliibiwa mpaka masufuria, sasa mimi ningekiweka wapi kingine?"

Otilia alisimama na taulo mikononi. Alichomoa pamba kwenye sikio moja.

"Bibi. Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulipanda treni na kitovu chake."

Bibi alifunga kiberiti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango ukijifunga nyuma yake na ufunguo umebaki ndani.

"Ulipandia treni hapa," Otilia alisema, na sauti ilianza kumpanda licha ya sheria. "Kitovu kilishaanguka. Kilishakauka. Kwa hiyo Baba alizaliwa hapa."

"Alizaliwa El Capulín."

"Kitovu kilianguka wapi?"

"Kwenye hema la watu. Kuanguka ni kuanguka tu."

"Na mtoto alitokea wapi, kwenye gunia la pamba?"

"Mtoto huzaliwa pale kitovu chake kilipolala," alisema Bibi, sasa kwa utulivu unaokera. "Ndivyo nilivyomwambia karani wa kule. Ndivyo nilivyomwambia padri. Watu wazima wote walinielewa. Leo amepatikana mwanafunzi wa jioni wa kuja kunifundisha nimezaa wapi."

"Bibi, Baba analala kwenye magunia ya barafu."

"Najua mwanangu analala wapi."

"Basi sema kwa mwanasheria neno moja tu. Hapa."

Bibi alikiweka kiberiti kwenye rafu, juu, kando ya sanamu ya Mama Bikira. Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Unajua kambi ilikuwaje? Hujui, maana magazeti yako hayajui. Msimu ukiisha, mnyapara anakuja na punda, anakokota turubai ukiwa bado ndani unapika. Kesho yake wanalima palepale ulipolala. Ningezika kitovu cha mwanangu hapo? Kikalimwe? Halafu wakaja watu wa kata na tiketi za treni, wakasema ni hisani, nendeni kwenu. Tukaenda kwetu. Nikampa mwanangu nyumbani kwake. Leo hao hao wanataka niseme alikuwa wa kwao? Walikuwa na nafasi yao."

"Hawataki wao. Ninayetaka ni mimi."

"Na kule niliapa mbele ya karani. Unataka kwa uzee huu niwe mwongo upande gani?"

Akatoka kwenda kwa kuku wake. Otilia alichomoa pamba ya sikio la pili akaitupa dirishani. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona ila mtoto, aliupiga mto ngumi mpaka manyoya yakaruka.

*

Jioni ile Nieves alilia kwa msokoto wa tumbo. Alikunja miguu, akanyoosha, akawa mwekundu kama nyanya. Bibi hakusema kitu. Alipita sebuleni, akapita tena, amebeba kikombe cha maji ya binzari tamu, na kule kunyamaza kwake kulikuwa na kelele kuliko kilio cha mtoto.

"Usiseme," alisema Otilia.

"Nimesema?"

"Unapita unasema."

Tacho alimchukua mtoto akamlaza kifuani, akimwimbia jina la kila kipuri cha trekta. Otilia alikaa kitandani akitazama kiberiti kwenye rafu. Alikuwa amepata alichokitafuta miezi yote ile, na hakikumfaa kitu. Kingekuwa kwenye gazeti, angekinakili. Kingekuwa nyuma ya picha, angekipiga muhuri. Lakini kilikuwa kwenye kinywa cha mwanamke aliyeamua, na kinywa hicho hakina mashine ya kuzungusha. Bila neno la Bibi, mkunga naye hana mdomo.

Alifikiria vile ilivyokuwa hospitalini, taa nyeupe, muuguzi akiondoka na beseni la chuma lililofunikwa kitambaa. Hakuna aliyekuuliza, Bibi alisema. Kwani ilipaswa aulizwe nani?

Akainuka ghafla. "Tacho. Kesho ukitoka kazini mchukue Bi Cruz. Mwambie kitovu kimeanguka, aje amwone mtoto."

"Aje kwa hilo tu?"

"Kwa hilo atakuja."

*

Bi Cruz alikuja na fimbo, na mfuko wa pilipili za bustani yake, na malalamiko juu ya uendeshaji wa Tacho. Alikuwa mfupi, mpana, na mikono yake ilikuwa mikubwa kupita mwili, kana kwamba aliiazima kwa mtu mwingine akasahau kuirudisha. Alimfungua Nieves, akamtazama tumbo, akakibonyeza kitovu kipya kwa kidole gumba.

"Kimefungwa vibaya. Hospitali," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Lakini kitaingia. Mfungie sarafu na kitambaa."

Bibi Hermelinda alimwekea kahawa na mkate mtamu. Walikuwa marafiki tangu ujana wao, urafiki wa watu walioshikana katika mambo ambayo hawayataji. Waliongea juu ya kuku. Waliongea juu ya jirani aliyenunua gari jekundu. Otilia alisubiri mpaka kikombe kikafika nusu.

"Bi Cruz," alisema, "sikuulizi baba yangu alizaliwa wapi."

"Vizuri. Maana nilishakujibu."

"Nakuuliza kondo lake la nyuma lilikwenda wapi."

Kijiko cha Bibi kilisimama kikombeni. Bi Cruz alimtazama Otilia kwa muda, kisha akamtazama mwenzake, na pembe moja ya mdomo wake ikasogea.

"Ala," alisema. "Nani kamfundisha huyu?"

"Cruz," alisema Bibi.

"Cruz nini? Kitovu ni cha mama, sigusi. Mtoto ni wa mama, sisemi. Kondo ni kazi ya mkunga, na kazi yangu naweza kuisema mbele ya askofu." Akaiweka fimbo ukutani, akaketi sawasawa. "Nililizika mimi, kwa mkono wangu. Kwenye ukingo wa mfereji wa Hollis, chini ya mti wa mwerebi, ule uliokuwa umepasuka katikati. Mvua ilikuwa inanyesha na udongo ulikuwa kama unga wa chapati uliokandwa. Mume wake huyu alinishikia turubai juu ya kichwa, analia kuliko mzazi. Nikachimba mpaka mkono ukazama wote, hadi kwapani, mbwa wasifukue."

Nje kuku mmoja alikuwa analalamika.

"Unasema uongo," Bibi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Uongo wa nini?"

"Mnyapara alikataza watu kuchimba ukingoni. Alisema atakayechimba ataondoka siku hiyohiyo. La mtoto wa Petronila, wa hema jirani, lilitupwa mferejini, niliona kwa macho yangu. Nikajua na langu." Alikuwa anaukunja upindo wa aproni yake, anaukunjua. "Sikukuuliza. Nilisema nisipouliza sitajua."

Bi Cruz alimkodolea macho. "Hermelinda. Miaka yote hii unaninywesha kahawa na unadhani nilimtupa mwanao mferejini?"

"Si yeye. Kondo lake."

"Ni yeye huyohuyo. Nilichimba na mnyapara yuko pale anakunywa! Ningefukuzwa mimi, siyo wewe. Wewe ulibeba kipande kama ncha ya kidole, ukapanda treni, ukaniachia mimi kazi ya jembe. Halafu unaniita mwongo jikoni kwako."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ninyi mama na mwana, ni kichwa kimoja." Alimega mkate akautafuna kwa hasira. "Sasa hesabu mwenyewe, maana huyu mjukuu wako anapenda utafiti. Kitovu, kiko kule kwa baba yako. Kondo, hapa. Kipi kikubwa?"

Bibi Hermelinda aliondoka mezani, akasimama mbele ya rafu, mgongo kwao. Otilia alitaka kusema, akajizuia. Kwa mara ya kwanza katika arobaini ile, alijizuia bila kuambiwa. Bibi alikigusa kiberiti kwa kidole, akakinyoosha kikae sawa na ukingo wa rafu.

"Mwerebi ule," alisema, bado ametazama ukuta, "ulikuwa na kivuli kibaya. Siafu watupu."

"Watupu," Bi Cruz alikubali.

"Nilidhani ardhi hii haina kitu chake hata kimoja."

Alipogeuka alikuwa anavua aproni. "Ofisi ya huyo mwanasheria inafungwa saa ngapi?"

*

Kwenda ofisini ilikuwa vita nyingine, kwa sababu Otilia ndiye aliyejua Kiingereza na Otilia hakupaswa kuvuka kizingiti. Bibi alilitatua jambo hilo kwa kumzungushia shali mbili, moja kichwani na moja tumboni, na kumjaza pamba mpya masikioni, nyingi kuliko ya kwanza.

"Sitasikia maswali, Bibi."

"Yatasemwa mara mbili. Wao ndio walioleta shida."

Mwanasheria alikuwa kijana mwenye tai iliyopinda, anayeongea Kihispania cha kitabuni. Aliandika kwa makini sana. Aliuliza kama mti ule bado upo. Bi Cruz alimwambia kuwa juu yake sasa kuna malori, na kama anataka akachimbe, fimbo yake anaweza kumwazima. Halafu yule kijana akamgeukia Bibi Hermelinda.

"Mama, mwanao Fidencio alizaliwa wapi?"

Bibi alikaa wima. Mkono mmoja ulikuwa umeshika upindo wa sketi yake, mahali fulani karibu na goti. Otilia alimtazama akafikiri, hatasema. Amefika hapa na hatasema. Joto lilimpanda chini ya zile shali na akahisi maziwa yakimvuja.

"Hapa," alisema Bibi. "Kambi ya Hollis, mwisho wa mstari wa pamba, kabla mizani ya kupimia haijafungwa. Na uandike pia kuwa kitovu chake kiko El Capulín. Nisije nikaonekana mwongo kule."

"Hilo la kitovu si lazima, mama."

"Liandike."

Aliliandika. Kisha akaeleza yatakayofuata, na Otilia alilazimika kuchomoa pamba ili asikie vizuri, na aliposikia alitamani asingechomoa. Viapo vitapelekwa. Huenda shauri litaahirishwa. Pengine wataomba mashahidi zaidi. Kesi yenyewe ina nguvu, alisema, ina nguvu sana, lakini ofisi zile zina foleni. Labda kabla ya Krismasi, labda wakati wa kupogoa mizabibu.

"Labda," Otilia alisema.

"Labda," alisema yule kijana, na, haki isemwe, alionekana kuona aibu.

Ndani ya gari la Tacho hakuna aliyefurahi. Otilia alikuwa amengojea mlango, amepewa dirisha. Bi Cruz peke yake ndiye aliyeomba wapitie kwa muuza aiskrimu.

*

Jumapili simu ililia mapema. Otilia aliitaka, lakini Bibi alishakaa kando yake tangu kifungua kinywa, amechana nywele.

Alimweleza mwanawe bila kuzunguka. Mvua, mwerebi, Bi Cruz, mkono hadi kwapani. Alisema neno hapa. Alipomaliza alisubiri, simu imekandamizwa sikioni, na Otilia, aliyesogea karibu mpaka shavu likagusa nywele za bibi yake, alisikia tu pikipiki zikipita kwenye barabara ya Mexicali na mtu akipasua barafu.

"Fidencio?"

"Nipo."

"Umesikia?"

"Mama," sauti ya Fidencio ilikuja polepole, "nimelala kifudifudi kwenye mizabibu tangu ujana wangu. Nimelala kwenye mitaro. Siku moja nilijificha ndani ya pipa la zeituni, unakumbuka? Mlinicheka wiki nzima jinsi nilivyonuka." Pikipiki nyingine ikapita. "Nilikuwa namkimbia nani?"

Uso wa Bibi ulikunjamana, na kwa muda Otilia aliogopa kuwa atakata simu.

"Sijui, baba," alisema Bibi. "Nilidhani nakupa nyumba."

Barafu ilipasuliwa tena, mara nyingi. Kisha Fidencio akakohoa, kule kukohoa kwa wanaume wanapotaka kubadilisha hewa. "Na mjukuu wangu huyo? Kitovu chake umeshakizika?"

"Kipo kwenye kiberiti."

"Bado? Unangoja nini?"

"Kinazikwa jikoni, na jiko lina saruji," alisema Bibi. "Mume wake Otilia anajua trekta tu. Nataka mtu mwenye sururu."

Kule Mexicali alicheka kidogo, cheko la puani. Otilia aliipokea simu kutoka kwenye mkono wa Bibi, ambao ulikuwa umelowa jasho.

"Baba."

"Tila. Ana nywele?"

"Anazo. Zimesimama."

"Mwambie bibi yako huyo asiguse saruji mpaka nije," alisema Fidencio. "Ataharibu bomba la gesi."